Mchimbaji wa Masisi na Walikale ni Mfanyakazi wa Nani?

Katika jumuiya zetu maongezi juu ya simu hayaishi. Wako wanaosema kwa fahari kwamba kila simu duniani ina udongo wa Masisi ndani yake, na kwa hiyo dunia nzima ni mdeni wetu. Wako pia, hasa ndugu zetu waliohamia Ulaya na Marekani, wanaotuuliza kama ni halali kwa Mkristo kununua simu mpya wakati ile ya zamani ingali inafanya kazi. Maoni hayo mawili yanatofautiana, lakini yote huanzia kwenye jiwe. Tungependa leo tuanzie kwa mtu anayelitoa jiwe hilo ardhini, tukiipitia historia ya kazi yake tangu zamani za Wabelgiji, kwa maana swali la jiwe limetoka wapi limejibiwa kwa maelfu ya kurasa, na swali la nani aliyemwajiri mchimbaji limeulizwa mara chache mno.

Kwanza tuyataje mawe yenyewe. Katika vilima vya Rubaya, wilaya ya Masisi, hupatikana koltani, ambayo viwandani hutolewa metali iitwayo tantalamu. Metali hiyo hutengenezwa kapasita, yaani kidude kidogo kuliko punje ya mchele kinachohifadhi umeme na kuutoa kwa kipimo ndani ya simu na kompyuta. Inakadiriwa kwamba Rubaya peke yake hutoa kiasi cha asilimia 15 ya koltani yote ya dunia. Magharibi yake, katika misitu ya Walikale, kuna kasiterite, jiwe linalotoa bati. Bati ndiyo lehemu inayounganisha vipande vyote vya chombo cha elektroniki, hata redio ile ya bei rahisi inayotusomea matangazo ya vifo. Mtu anaweza kuishi bila simu ya kisasa, lakini ni vigumu sana kuishi mjini leo bila kugusa bati.

Kazi ya kuchimba haikuanza na simu. Wakati wa ukoloni makampuni ya Kibelgiji yalichimba bati na dhahabu katika Kivu na Maniema, na mikono ya kazi ilitafutwa kwa kodi, kwa amri ya chifu na kwa kiboko. Masisi yenyewe ilibadilishwa sura na haja hiyo ya mikono: kuanzia mwaka 1937 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka Rwanda na kuwaweka Gishari, na mashamba makubwa ya walowezi pamoja na migodi ikapata vibarua. Ugomvi wa ardhi uliotokana na uhamisho huo haujaisha hadi leo, na anayetaka kuzielewa vita za Masisi kwa kutazama madini tu ataelewa nusu ya habari.

Mwaka 1976 makampuni kadhaa ya bati yaliunganishwa kuwa SOMINKI, kampuni ya ubia kati ya wenye mitaji wa Kibelgiji na serikali ya Zaire. Wazee waliofanya kazi humo huizungumzia kwa hamu inayotushangaza sisi tuliozaliwa baadaye. Kulikuwa na kambi, wanasema, kulikuwa na zahanati na shule, na mwisho wa mwezi jina lako liliitwa ukapokea. Mishahara ile ilikuwa midogo, na hatuna sababu ya kuipamba. Hata hivyo kuna jambo moja katika kumbukumbu hizo ambalo halipaswi kupuuzwa: jina liliitwa. Mfanyakazi alikuwa na namba katika daftari, na aliyeumia aliumia akiwa mtu wa kampuni, hata kama kampuni ilimtibu vibaya.

Daftari hilo lilifungwa kwa hatua tatu. Mwaka 1982 serikali ya Mobutu iliruhusu raia kuchimba na kuuza madini kwa mikono. Mnamo Oktoba 1985 soko la bati la dunia lilianguka, baada ya shirika la kimataifa lililokuwa likiitegemeza bei kuishiwa fedha, na migodi ya Kivu ikaanza kuendeshwa kwa hasara. Halafu vita vya miaka ya tisini vikaja, na SOMINKI ikafa. Waliokuwa wafanyakazi wake waliendelea kwa miaka mingi kudai malipo yao ya mwisho. Mashimo yalibaki, na wana wao wakaingia humo na sururu na tochi, safari hii bila daftari.

Ndipo lilipokuja wimbi la mwaka 2000. Viwanda vya simu za mkononi vilikuwa vikipanuka kwa kasi, kampuni ya Sony ilikuwa imetoa mchezo wake wa PlayStation 2, na wanunuzi wakahofu kwamba tantalamu itapungua. Bei ikapanda mara nyingi katika miezi michache. Masisi iliyojulikana kwa maziwa na jibini ikawa nchi ya mashimo. Walimu waliacha chaki, wachungaji waliacha ng'ombe. Waasi wa RCD-Goma waliotawala wakati huo walikabidhi biashara yote ya koltani kwa kampuni moja, SOMIGL, ili kodi ikusanyike mahali pamoja. Mwaka 2001 bei ikaanguka kama ilivyopanda. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa taarifa yao ya kwanza juu ya uporaji wa mali za Kongo, na huko Ulaya watu wakaanza kusema habari za damu ndani ya simu. Maneno hayo yalikuwa na ukweli, na yaliamsha dhamiri za wengi. Lakini tangu siku hiyo mchimbaji aliingia katika mawazo ya dunia kama mhanga wa vita, na mhanga huhurumiwa. Hakuna anayemuuliza analipwa kiasi gani kwa siku.

Na analipwa namna gani? Hapa yafaa tukae kidogo, kwa sababu wengi wanaotoa maoni juu ya jambo hili hawajui shimo linavyoendeshwa. Kila shimo lina mkubwa wake, ambaye huko machimboni huitwa PDG, kama mkurugenzi wa kampuni kubwa. Ni mzaha wa Kikongo uliogeuka kuwa cheo cha kweli. PDG hutoa chakula, nyundo, tochi na mbao za kutegemeza kuta. Wachimbaji wake hawapati mshahara, hupata sehemu ya mawe yatakayotoka. Shimo jipya laweza kuchimbwa kwa wiki nyingi kabla ya kufikia mshipa, na katika wiki hizo kila sahani ya maharagwe huandikwa. PDG naye amekopeshwa na mchuuzi anayekuja kununua, mchuuzi amekopeshwa na nyumba ya ununuzi ya Goma, na nyumba hiyo imepokea fedha ya mnunuzi wa nje. Hivyo fedha hushuka kutoka nje ya nchi mpaka chini ya ardhi, na kila inapopita hugeuka kuwa deni, na bei hupangwa na aliye juu. Jiwe likitoka, aliyelichimba hulipa kwanza alichokula. Bei ikianguka huko London, deni lake halianguki pamoja nayo.

Bisie, katika Walikale, ilionyesha utaratibu huu ukiwa na bunduki juu yake. Kasiterite iligunduliwa huko mnamo mwaka 2002, ndani ya msitu, mwendo wa kilomita zaidi ya 40 kwa miguu kutoka Njingala. Katika miaka michache mlima ulijaa maelfu ya watu, na kambi ya Manoire ikawa mji wa turubai wenye baa na makanisa. Kila kitu kilipanda mlima mgongoni mwa mtu, na kwa hiyo kila kitu kiliuzwa kwa bei ya mara nyingi zaidi. Wapagazi walishuka na mizigo ya kilo 50 hadi barabarani, na kutoka hapo madini yalipelekwa Kilambo, ambako kipande cha lami kiligeuzwa kiwanja na ndege ndogo zikatua katikati ya njia. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa zaidi ya bati iliyotoka Kivu ya Kaskazini ilipita hapo.

Kuanzia mwaka 2006 hadi 2009 mlima huo ulishikwa na brigedi ya 85 ya jeshi la taifa, iliyoongozwa na Kanali Samy Matumo, na baadaye na askari waliotoka katika CNDP. Walitoza mlangoni, njiani na mdomoni mwa shimo. Zaidi ya hayo walidai salongo. Wenye umri watakumbuka kwamba neno hilo lilienezwa na Mobutu katika miaka ya sabini likiwa na maana ya kazi ya pamoja kwa manufaa ya wote, kama kufagia barabara na kuzibua mitaro. Katika machimbo likawa na maana ya siku ambayo mawe yote unayochimba ni ya mwenye bunduki. Mwaka 2010 filamu ya Mdenishi Frank Piasecki Poulsen iliyapeleka mashimo ya Bisie katika sebule za Ulaya, naye akaenda na swali lake hadi makao ya Nokia, kampuni iliyotengeneza simu yake mwenyewe.

Mwaka huohuo mambo mawili yalitokea kwa miezi miwili tu. Mnamo Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya fedha ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaseme kama bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu yanayotumia yametoka Kongo au nchi jirani, na kama yamewanufaisha wenye silaha. Septemba Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote katika Kivu mbili na Maniema. Amri hiyo ilidumu mpaka Machi 2011. Ilipoondolewa, wanunuzi wakubwa walikuwa tayari wameanza kukimbia, kwa sababu kuthibitisha ni gharama na kuondoka ni bure. Walikale ilikuwa ikipokea bidhaa kwa ndege zilezile zilizobeba madini. Ndege zilipoacha kuja, chumvi na sabuni navyo viliadimika. Hatusemi sheria ile ilikuwa mbaya. Tunasema haikumwona mtu aliyekuwa akila kwa kazi ile, kwa kuwa haikuandikwa juu ya kazi. Iliandikwa juu ya asili ya jiwe na juu ya usalama.

Hata hilo dogo iliyotaka lilipunguzwa. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ya Marekani iliamua kwamba kuilazimisha kampuni itangaze kuwa bidhaa zake hazijathibitishwa kutokuwa na uhusiano na mapigano ni kuingilia uhuru wake wa kusema. Tulipoisoma hukumu hiyo tulijiuliza kama uhuru wa kusema wa mchimbaji wa Rubaya umewahi kujadiliwa mahali popote kwa bidii kama hiyo.

Jibu la wafanyabiashara kwa sheria lilikuwa vibandiko. Mpango wa iTSCi, ulioanzishwa na vyama vya wenye viwanda vya bati na tantalamu, ulileta kifungo chenye namba kinachofungwa kwenye mfuko karibu na shimo, na kingine kwa mchuuzi, ili mfuko ufuatwe mpaka kiwandani. Katika Rubaya mfuko huo ulikuwa na historia nzito. Haki ya kuchimba ilikuwa ya kampuni ya SMB, ambayo zamani iliitwa MHI. Watu walioshika sururu walikuwa wa ushirika wa COOPERAMMA. Mapatano ya mwaka 2013 yaliwaruhusu wanaushirika kuchimba katika eneo la kampuni kwa sharti la kuiuzia kampuni hiyo peke yake. Tazama hali ilivyo: mtu mmoja anakupa mahali pa kuchimba, ananunua anachotaka, anapanga bei na siku ya kulipa, na bado si mwajiri wako. Miaka iliyofuata ilijaa malalamiko juu ya bei na malipo yaliyochelewa, na kampuni nayo ikawashtaki wachimbaji kwa kuuza kwa magendo. Mwaka 2019 SMB ikauacha mpango wa iTSCi na kujiunga na mwingine. Mwaka 2022 shirika la Global Witness likatoa taarifa iliyodai kwamba vibandiko vya iTSCi vilitumika kusafishia madini ya magendo, ya vita na yaliyochimbwa na watoto. Wenye mpango wakakana.

Mabishano hayo tunayaheshimu, lakini yote yanahusu kama mfuko ni safi. Kibandiko kimetengenezwa kuueleza mfuko. Hakisemi aliyeujaza alipata shilingi ngapi, wala kama alikuwa amekula. Hata wale waliojaribu kwa moyo mwema waliipita Kivu ya Kaskazini: kampuni ya Fairphone ya Uholanzi ilipotengeneza simu yake ya kwanza mwaka 2013, bati ya Kongo iliyotumia ilitoka Kivu ya Kusini na tantalamu ikatoka Katanga.

Turudi kwenye sheria za nchi yetu, maana huko ndiko fundo lilipo. Mwaka 2002 Kongo ilipata sheria mbili kubwa: Sheria ya Madini ya tarehe 11 Julai na Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba. Ya pili inamlinda mwenye mkataba wa kazi: mshahara, saa, likizo, ajali. Ya kwanza inamtambua mchimbaji wa mikono kama mtu anayejiendeshea uchimbaji wake, mwenye kadi, mkongomani aliyetimiza umri, na tangu marekebisho ya mwaka 2018 ni lazima awe katika ushirika. Mbele ya sheria ya madini yeye ni mjasiriamali mdogo. Mbele ya sheria ya kazi hayumo. Mwaka 2018 koltani ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati, na serikali ikapandisha mrabaha wake hadi asilimia 10. Jiwe lilipandishwa cheo, mchimbaji akabaki alipokuwa.

Papa Leo XIII aliligusa jambo hili mwaka 1891 katika waraka wa Rerum Novarum, alipokataa hoja kwamba mapatano ya malipo ni ya haki maadamu pande mbili zimekubaliana. Mwenye njaa hukubali lolote. Wakati huo alikuwa akiwafikiria wafanyakazi wa viwanda vya Ulaya, na baadhi ya ndugu zetu husema kwamba mafundisho hayo hayamhusu mtu asiye na tajiri. Sisi twaona kwamba anamhusu zaidi, kwa sababu matajiri wake ni wengi na hakuna hata mmoja anayekiri.

Bisie ya leo yaonyesha kwamba inawezekana kuwa vingine, ingawa kwa gharama yake. Kampuni ya Alphamin ilianza kuzalisha huko mwaka 2019, chini ya ardhi, kwa mashine, katika mwamba wenye bati ya kiasi cha asilimia 4.5, wingi usio na kifani katika migodi ya bati duniani. Mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000, kama asilimia 6 ya bati ya dunia. Waliomo wana mikataba; majina yao huitwa tena, kama wazee wanavyosimulia. Lakini mashine haihitaji maelfu ya sururu, na wachimbaji wa Manoire walilazimika kuondoka mlimani. Mnamo Machi 2025, waasi wa M23 walipoikaribia na kuiteka Walikale, kampuni iliwahamisha watu wake na kusimamisha kazi. Mwezi uliofuata, waasi walipojiondoa, ikarejea. Mwaka huohuo hisa nyingi za kampuni zilinunuliwa na kampuni ya Abu Dhabi. Hali ya mwenye mkataba wakati wa vita yafaa kulinganishwa na ya jirani yake: yeye aliondolewa na mwajiri. Mchimbaji wa Rubaya hakuondolewa na mtu.

M23 waliishika Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024. Kwa taarifa ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka huo, walikusanya angalau dola 800,000 kila mwezi kutokana na kodi ya koltani, na wakazi walilazimishwa kufanya salongo ya kupanua barabara ili mizigo ipite. Neno lilelile, wilaya nyingine. Desemba 2024 mawakili wa serikali ya Kongo waliwasilisha mashtaka dhidi ya matawi ya Apple huko Ufaransa na Ubelgiji. Kampuni ilikana, ikisema kwamba imewaagiza wauzaji wake waache kununua madini hayo kutoka Kongo na Rwanda. Hapo tukarudi mwaka 2011: anayetakiwa kujibu huondoka, na mashimo hayaondoki.

Mwishoni mwa Januari 2026, katika majira ya mvua, kilima kiliporomoka Rubaya. Msemaji wa gavana aliyewekwa na waasi alisema kwamba waliokufa walizidi 200, wakiwamo wanawake waliokuwa sokoni na watoto. Mjane wa mmoja wao ana milango mingi ya kubisha. Ushirika utamwambia kwamba marehemu alijifanyia kazi mwenyewe. Kampuni yenye kibali haipo mlimani tangu waasi waingie. PDG, kama hakufukiwa naye, ana deni lake kwa mchuuzi, na huenda akamwonyesha mjane daftari la maharagwe aliyokula mumewe. Serikali iliyotunga sheria ya mwaka 2002 haifiki Rubaya, na waliofika hutoza kodi kwa kilo. Kiwanda kilichonunua mawe ya wiki iliyotangulia kiko ng'ambo ya bahari, na taarifa yake ya mwaka itaandikwa kwa tani.